Nia Chafu, Njia Safi: Ubuddha na Swali la Kinachomsukuma Mtu

Nanda alikuwa mtawa, lakini moyo wake haukuwa utawani. Ndugu yake wa baba mmoja, Buddha, alikuwa amempokea katika jumuiya ya watawa, na huku nyuma alikuwa amemwacha binti wa ukoo wake wa Wasakya, mrembo wa kusifika. Siku moja akawaambia wenzake kwamba ameshindwa, atavua joho arudi nyumbani. Masimulizi ya kale ya Kipali yanasema Buddha hakumkaripia. Alimshika mkono akapaa naye hadi mbingu ya miungu 33, akamwonyesha wasichana 500 wa huko, kisha akamuuliza nani mzuri, hawa au yule wa nyumbani. Nanda akajibu kwamba ukimweka karibu na hawa, yule binti ni kama tumbili aliyekatwa masikio na pua. Basi dumu katika utawa, akaambiwa, nami nakudhaminia hawa 500.

Nanda akadumu, na sababu yake ikajulikana. Watawa wenzake wakaanza kumwita kibarua, mtu aliyenunuliwa kwa ujira. Aibu ikamkaa. Akajitenga, akafanya bidii usiku na mchana, na mwisho wa bidii ile uchu wenyewe ukamtoka. Alipokwenda kumwambia Buddha kwamba hamdai tena wale wasichana, alijibiwa kwamba deni lilikwisha saa ileile moyo wake ulipofunguka.

Kisa hiki kinapendwa sana na Wabuddha, hata mshairi Ashvaghosha akakitungia utenzi mrefu wa Kisanskriti mnamo karne ya 1 au ya 2. Lakini kina jambo linalosumbua. Mwalimu anayefundisha kuacha tamaa ametumia tamaa kumshika mwanafunzi wake. Je, hilo linakubalika? Mtu aliyeingia kwa sababu mbaya anaweza kufika pazuri? Na kama anaweza, kwa nini basi tuhangaike na nia?

Maandiko na historia ya Ubuddha, vikisomwa pamoja, vinaelekea jibu moja lenye sharti. Nia chafu inaweza kumleta mtu hadi mlangoni, na hata kumsukuma hatua kadhaa ndani, mradi mazoezi yenyewe yabaki mazima na yawe na nguvu ya kuimaliza nia iliyomleta. Pale nia inapokuwa ndiyo yenye kuyakata mazoezi yalingane nayo, hakuna jema la kutarajia.

Uzito wa swali

Msomaji wa Kiswahili halioni swali hili kuwa geni. Aliyelelewa katika Uislamu anajua kwamba funga bila nia ni kushinda na njaa tu, na aliyelelewa kanisani amesikia mahubiri mengi juu ya wanaosali ili waonekane. Katika Ubuddha swali lina ugumu wa ziada, kwa sababu hakuna Mungu anayepokea amali na kumsamehe mja upungufu wake. Kuna sheria ya karma, na Buddha aliifasili karma kwa nia. Alichokiita tendo ni ile nia yenyewe, inayotokea kwa mwili, kwa kinywa au kwa fikra. Mkono unaotoa sadaka si karma. Karma ni kile kilichousukuma mkono.

Maandiko ya Kipali yanataja mizizi mitatu ya uovu: uchu, chuki na upofu wa moyo. Tendo lililoanzia katika mmoja wa mizizi hiyo lina kasoro hata likipendeza kwa macho. Ukiishika kanuni hii peke yake, Nanda alipokaa kutafakari huku akiwawaza wale 500 alikuwa akiupalilia uchu, wala hakuwa na sababu ya kutazamia kuokoka.

Ila kanuni hiyo ikibaki peke yake inaifunga njia yote. Mtu asiye na uchu, chuki wala upofu ameshafika, hahitaji kuanza. Kila anayeanza anaanza akiwa na vitu hivyo, na vinaingia hata katika sababu zake za kuanza. Kama nia iliyochanganyika haiwezi kuzaa chochote kizuri, basi hakuna binadamu awezaye kupiga hatua ya kwanza. Wanazuoni wa Ubuddha waliliona tatizo hili mapema, nao hawakulikwepa.

Mafundisho mawili ya Kosambi

Mafundisho mawili yanayojibu swali hili waziwazi yalitolewa na Ananda, binamu na mhudumu wa Buddha, na yote mawili yanawekwa katika bustani ya Ghosita mjini Kosambi.

La kwanza lilianza kwa hila. Mtawa wa kike aliyekuwa amempenda Ananda alijifanya mgonjwa, akamtumia ujumbe aje kumjulia hali, akajilaza kitandani amejifunika hadi kichwani. Ananda alifika, akaketi, akazungumza juu ya mwili na asili yake. Alisema mwili huu umetokana na chakula, na kwa kutegemea chakula mtu hujifunza kuushinda ulafi. Umetokana na uchu, na kwa kutegemea uchu mtu huushinda uchu: anasikia kwamba fulani amefikia uhuru wa moyo, naye anautamani uhuru huo hadi anaupata. Umetokana na majivuno, na kwa kutegemea majivuno mtu huyashinda majivuno: anajiuliza kama fulani ameweza, mimi nina nini nisiweze? Alipofika kwenye tendo la ndoa mtindo ukabadilika. Hapo, alisema, Buddha amefundisha kulikata daraja lenyewe. Yule mtawa akainuka, akamwinamia, akakiri kosa lake.

Yafaa kuangalia alichokiacha nje. Hakusema kila msukumo unaweza kugeuzwa. Uchu wa kufikia uhuru na majivuno ya kutotaka kushindwa vinakubaliwa kuwa magari ya muda, na tendo la ndoa linakataliwa kutumiwa kwa namna yoyote. Tena mazungumzo yenyewe ni mfano wa jambo linalozungumzwa. Mwanamke yule aliyasikia mafundisho kwa sababu alidanganya kuwa mgonjwa.

Katika fundisho la pili, Brahmini aitwaye Unnabha alimbana Ananda kwa mantiki. Mnasema lengo ni kuacha tamaa, na njia mnayoitaja inahitaji hamu na juhudi. Kuiondoa tamaa kwa tamaa ni kazi isiyo na mwisho. Ananda akamuuliza swali dogo. Kabla hujaja katika bustani hii, ulikuwa na hamu ya kuja? Nilikuwa nayo. Na sasa umefika, hamu hiyo iko wapi? Imetulia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa anayeitafuta njia.

Jibu hili linaeleweka kirahisi hata kuonekana halina kina, ilhali ndani yake kuna sharti gumu. Hamu ya Unnabha ilitulia kwa sababu alikuwa akienda mahali penye mwisho. Tamaa ya mali au sifa haina bustani ya kufikia, maana kila inapofika inasogeza mpaka mbele. Kwa hiyo swali linahama kutoka ulianza na nini hadi unaelekea wapi.

Kanuni za mlangoni

Mahubiri yanaweza kuwa mepesi, sheria za jumuiya haziwezi. Kitabu cha nidhamu ya watawa, Vinaya, kinasimulia chanzo cha kanuni moja moja, na visa vyake vinaonyesha wazi ni watu gani waliogonga mlango.

Wapo walioingia kwa ajili ya tumbo. Huko Rajagaha, Brahmini mmoja aliona watawa wanaalikwa karamu mfululizo, akaomba kupokewa. Karamu zilipokwisha akaambiwa achukue bakuli akaombe chakula, akajibu kwamba hakuja kwa hilo. Wakimpa atakula, wasipompa ataondoka. Wazazi wa mvulana aliyeitwa Upali nao walipiga hesabu ya kazi za mjini. Uandishi utamuumiza vidole, hesabu zitamuumiza kifua, na kazi nyingine itamuumiza macho, lakini watawa wa Kisakya wanakula vizuri na kulala pasipo upepo. Upali na wenzake wakafika 17, wakapokewa, na usiku wakawa wanalia wakitaka uji. Kulipozuka maradhi katika ufalme wa Magadha, wagonjwa wakaingia utawani ili watibiwe na Jivaka, tabibu wa mfalme Bimbisara aliyewahudumia pia watawa. Mmoja wao alipopona alivua joho, akakutana na Jivaka barabarani, akakiri kwamba tiba ndiyo iliyomwingiza. Wakaja pia askari wa mfalme, wenye madeni na watumwa waliotoroka.

Jumuiya ilifanya nini? Kwa makundi kadhaa mlango ulifungwa: askari wa mfalme, wadaiwa, watumwa, wenye yale maradhi. Umri wa miaka 20 ukawekwa kwa utawa kamili. Kanuni hizi zote hazikuhitaji kuchungulia moyo wa mtu. Ziliangalia mambo yanayoonekana, yaani deni, umri, ajira na afya.

Kwa aliyeingia kwa tumbo lake, dawa ilikuwa nyingine. Iliamriwa kila mtawa aelezwe kwamba maisha yake yanategemea chakula cha kuomba, nguo za matambara, kulala chini ya mti, na mkojo uliochachuka kuwa dawa. Kisha likatokea jambo la kufundisha. Kijana mmoja alielezwa hayo kabla ya kupokewa, akakataa kuingia, akasema angeambiwa baadaye angeyavumilia. Buddha akaamuru kwamba masharti hayo yasitajwe kabla ya kupokewa, bali mara tu baada yake. Mwalimu aliyetaka wenye nia safi tu angeyaweka masharti mlangoni yawachuje watu. Yeye aliyaweka ndani. Aliwaacha waingie na nia zao, kisha akahakikisha kwamba watakachokikuta ndani hakitazibembeleza nia hizo.

Nagasena, mtawa anayejibizana na mfalme Mgiriki Menander, yaani Milinda kwa Kipali, katika kitabu cha Milinda, anaitoa picha hiyohiyo bila haya. Mfalme anamuuliza kama watawa wote waliingia kwa ajili ya kuukomesha mzunguko wa mateso. La, anajibu. Wengine walikimbia wafalme, wengine wezi, wengine madeni, wengine walitafuta riziki. Na wewe? Mimi niliingia nikiwa mtoto, sikujua lengo, nilifikiri tu kwamba hawa ni watu wenye hekima na watanifunza. Wakanifunza, na sasa najua.

Uchafu hauko sawa

Maandiko hayayaweki mambo yote machafu katika kapu moja. Fundisho mojawapo linasema uchu una lawama ndogo lakini unafifia polepole, chuki ina lawama kubwa lakini inafifia upesi, upofu wa moyo una lawama kubwa na unafifia polepole. Katika visa vya watu waliofaulu, msukumo wa kwanza kwa kawaida ni uchu, hofu, aibu au majivuno. Chuki haisifiwi kamwe kuwa chombo cha safari.

Linganisha watu wawili. Susima alikuwa mfuasi wa kundi jingine mjini Rajagaha. Wenzake walikasirika kuona Buddha na watawa wake wanapewa heshima, nguo na chakula wakati wao hawapati kitu, wakamtuma aingie, ayachukue mafundisho, arudi nayo wayahubiri ili nao waheshimiwe. Aliingia akiwa mwizi kwa maana kamili ya neno. Lakini alipowasikia watawa wakisema wamekombolewa ilhali hawana miujiza yoyote, akataka kuelewa, akauliza, akahojiwa na Buddha hatua kwa hatua, na hatimaye akakiri mwenyewe kwamba alikuja kuiba. Buddha alimwambia kosa lake ni kubwa, kisha akaipokea toba yake.

Devadatta, binamu yake Buddha, alikuja kwa njia ya kawaida, akatafakari, akapata uwezo wa miujiza, akamvutia mwana wa mfalme, Ajatasattu. Ndipo likamjia wazo la kuiongoza jumuiya, na Vinaya inasema wazo hilo lilipozaliwa, uwezo wake ukapungua. Baadaye alidai kanuni tano kali ziwe lazima kwa wote, zikiwemo kukaa msituni maisha yote na kutogusa samaki wala nyama. Kwa kuzitazama, kanuni zake zilikuwa safi kuliko za Buddha. Lengo lake lilikuwa kuipasua jumuiya, na aliipasua, akiondoka na watawa wapya 500 kabla hawajarudishwa.

Susima aliingia vibaya akauliza maswali. Devadatta aliingia vizuri akaacha kuuliza. Wa kwanza alibadilishwa na mafundisho, wa pili alijaribu kuyabadilisha mafundisho. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko usafi wa siku ya kwanza.

Tegemeo na mzizi

Inabaki kueleza namna ovu linavyoweza kutangulia jema bila kulitia sumu. Wataalamu wa Theravada, tawi la Ubuddha linaloshika maandiko ya Kipali, walilichambua hili kwa undani katika Patthana, kitabu cha mwisho na kikubwa kuliko vyote saba vya Abhidhamma, mkusanyo wa uchambuzi wa mafundisho, kinachotaja masharti 24 yanayounganisha hali moja ya nafsi na nyingine.

Kwa mafundisho yao, fikra hazimwagiki pamoja kama maji. Zinafuatana moja moja, na katika tukio moja la fikra mizizi ya wema na ya uovu haikai pamoja. Tunachokiita nia iliyochanganyika ni mfululizo wa nia nyingi zinazopishana upesi. Anayetoa sadaka akitaka sifa ana nyakati za kutaka sifa na nyakati za kumhurumia aliye mbele yake, na kila wakati una karma yake. Sadaka moja inaweza kuwa na mazao mawili.

Kisha wakatenganisha mzizi na tegemeo. Uchu hauwezi kuwa mzizi wa tendo jema. Unaweza kuwa tegemeo lake la nguvu, yaani jambo lililotangulia ambalo bila hilo tendo jema lisingetokea. Patthana inasema wazi kwamba kwa kutegemea uchu mtu hutoa sadaka na kushika maadili. Mtu aliyeua anaweza kusukumwa na ubaya wa alilolitenda kufanya mema ya kulikabili. Wachambuzi hawakuishia hapo. Mema nayo yanaweza kuwa tegemeo la mabaya, kama anayetoa sadaka akaivimbia kichwa. Mlango unafunguka pande zote mbili, kwa hiyo hakuna anayeweza kujiliwaza kwamba uchafu wake utajigeuza wenyewe kuwa usafi.

Sadaka na hesabu ya thawabu

Hapa ndipo nadharia inapokutana na maisha ya mamilioni ya Wabuddha wa kawaida, ambao hawatafakari kwa saa nyingi bali wanatoa. Huko Champa, Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Buddha, alimuuliza Buddha kwa nini sadaka ileile huleta matunda makubwa kwa mtu mmoja na si kwa mwingine. Akapewa ngazi ya nia. Chini kabisa yuko anayetoa ili ajiwekee akiba ya maisha yajayo. Juu yake wako anayetoa kwa kuwa kutoa ni vizuri, anayefuata desturi ya baba na babu zake, anayesema mimi napika na hawa hawapiki, na anayetoa kwa kuwa moyo unafurahi. Juu kabisa yuko anayetoa ili kuupamba moyo, na huyo peke yake hatarudi tena duniani. Hata wa chini kabisa anapata mbingu, ila thawabu zake zinakwisha na anarudi alikotoka.

Nchini Thailand, kwa desturi, kijana huingia utawani kwa msimu mmoja wa mvua, kama miezi 3, mara nyingi kwa kusudi la kumpa mama yake thawabu. Wavulana wa vijijini wenye hali duni huvaa joho kwa sababu hekaluni kuna chakula na shule. Hawako mbali na Nagasena mtoto, na wengine wao wamekuja kuwa walimu.

Upande wa pili, masimulizi ya Zen yanamtaja mfalme Wu wa nasaba ya Liang nchini China, aliyetawala mwaka 502 hadi 549. Alijenga mahekalu na kuwatunza watawa, kisha akamuuliza mtawa Bodhidharma amepata thawabu kiasi gani. Hakuna, akajibiwa. Hadithi hiyo iliandikwa muda mrefu baada yao, na lengo lake ni mafundisho: anayetoa huku akihesabu anabaki na hesabu mikononi.

Msimamo huo ulifikishwa mwisho na Dogen, mwanzilishi wa Soto Zen huko Japani, aliyefundisha kuketi bila kutafuta chochote, hata kuwa Buddha. Kwake mazoezi na mwamko ni kitu kimoja, kwa hiyo kuketi ili upate ni kutoketi kabisa. Ni hoja nzito, na ndiyo pingamizi kubwa zaidi kwa ninachokitetea. Lakini Dogen mwenyewe alivuka bahari kwenda China mwaka 1223 akisukumwa na swali lisilompa usingizi. Mafundisho ya kutotafuta yalitoka kwa mtu aliyetafuta sana, na yanawafaa walioketi tayari kuliko walio bado mlangoni.

Nani anashika chambo?

Wabuddha wa Mahayana walilichukua jambo hili wakalifanya nguzo. Katika Sutra ya Lotus, iliyotafsiriwa kwa Kichina na Kumarajiva mwaka 406, baba anawaona wanawe wakicheza ndani ya nyumba inayoungua, hawasikii la mtu. Anawaambia nje kuna magari ya kuchezea, ya mbuzi, ya kulungu na ya ng'ombe. Wanatoka mbio. Nje anawapa wote gari moja kubwa la fahari kuliko yote aliyoahidi. Sariputta yuleyule anaulizwa na Buddha kama baba alidanganya, anajibu la.

Atisha, mwalimu kutoka India aliyefika Tibet mwaka 1042, alizipanga nia katika madaraja matatu: anayetaka raha yake katika maisha haya na yajayo, anayetaka kutoka katika mateso yake mwenyewe, na anayetaka kuwaondolea wote mateso. Hakuwafukuza wa daraja la kwanza. Aliwaonyesha ngazi. Tibet hiyohiyo inamtukuza Milarepa, aliyejifunza uchawi kwa kuhimizwa na mama yake ili walipize kisasi kwa ami na shangazi waliowanyang'anya urithi. Masimulizi ya maisha yake yaliyoandikwa na Tsangnyön Heruka mwaka 1488 yanasema aliua watu 35 kwenye karamu ya harusi. Kilichompeleka kwa mwalimu wake Marpa kilikuwa hofu ya jehanamu, na Marpa alimjengesha minara na kumbomolesha hadi kiburi kikamwisha. Kisasi hakikumpeleka popote. Hofu iliyofuata ndiyo iliyomtoa.

Katika visa hivi vyote, ahadi au hofu iko kwa mwanafunzi, na anayemwongoza hana anachokitafuta kwake. Baba hakufaidika na watoto kutoka, wala Buddha hakupata kitu kwa Nanda. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwalimu mchafu naye anaweza kudai kwamba anatumia njia za hekima. Mwaka 2017 wanafunzi wanane wa siku nyingi wa Sogyal Rinpoche, mmoja wa walimu wa Kitibeti waliojulikana sana nchi za Magharibi, waliandika barua ya wazi wakimtuhumu kuwapiga na kuwadhalilisha kwa kisingizio cha mafunzo. Uchunguzi ulioagizwa na shirika lake mwenyewe ulithibitisha sehemu kubwa ya tuhuma mwaka 2018. Ruhusa ya kuwa na nia isiyokamilika ni ya mwanafunzi. Kwa anayeongoza wengine hairuhusiwi, na jumuiya isiyoweza kumuuliza mwalimu maswali imepoteza kinga yake.

Ofisini na vitani

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, programu ya kupunguza msongo kwa mazoezi ya uzingatifu yaliyotokana na Ubuddha. Wagonjwa walikuja kutafuta nafuu ya maumivu, nia ambayo haina ubaya wowote. Baadaye mazoezi hayo yakaingia katika kampuni na hata katika jeshi. Mwaka 2013 Ron Purser na David Loy waliandika makala ya kulalamika kwamba uzingatifu umenyofolewa kutoka katika maadili yake, na Purser akafuatisha kitabu mwaka 2019.

Watetezi wanasema mfanyakazi aliyekuja kutuliza mawazo ili azalishe zaidi huenda akagundua mengine, kama Nanda. Inawezekana, na kwa mtu mmoja mmoja sina pingamizi. Lakini Nanda alikuta utawa mzima: kanuni, wenzake wasiomwonea haya, mwalimu aliyejua mwisho wa safari. Ukimpa mtu pumzi ya kuhesabu pasipo swali juu ya kazi anayoifanya na anayeumizwa nayo, umeiacha nia yake bila mpinzani.

Mfano wa kutisha zaidi uko Japani. Brian Victoria, mwenyewe mtawa wa Zen, alichapisha mwaka 1997 kitabu kinachoonyesha jinsi viongozi wa Zen walivyovibariki vita vya dola yao na kuutumia utulivu wa taamuli kuwaandaa askari wasiogope kufa wala kuua. Mwaka 2001 tawi la Myoshin-ji la Rinzai, shule nyingine ya Zen, liliomba radhi hadharani. Mazoezi yalikuwa yaleyale ya kuketi na kupumua. Amri ya kutoua ndiyo iliyowekwa kando, kwa sababu taifa lilikuwa na kusudi ambalo amri hiyo ingelizuia.

Hukumu

Basi swali la kumuuliza anayefuata njia hii si kama aliingia na moyo mweupe. Hakuna aliyeingia nao. Yako maswali mengine yenye faida. Je, kinachomsukuma ni tamaa au hofu inayoweza kuchoka, au ni chuki? Je, mazoezi aliyoyakuta ni mazima, pamoja na sehemu zisizompendeza, au yamepunguzwa yamfae? Je, kuna watu wanaoweza kumwita kibarua usoni, naye akasikia? Na anayemwongoza anapata nini kwa kumwongoza?

Majibu yakiwa mazuri, mwache aendelee na nia yake mbovu, njia itaishughulikia. Yakiwa mabaya, hata nia nzuri haitamsaidia. Wewe uliyewahi kuanza funga, sala, masomo au kazi ya kujitolea kwa sababu usiyoweza kuitaja mbele za watu, usiiache kazi hiyo kwa aibu ya mwanzo wake. Angalia tu kama bado unairuhusu ikubadilishe. Kama ulianza kuikata vipande ili ikufae, rudisha vipande hivyo kwanza.